Golf yenye tuzo au Axio isiyo na kombe?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, niko Morogoro. Nimejikusanya kidogo kidogo na sasa nataka kuagiza gari Japani, la kwendea kazini na la safari za Iringa kwa wazazi wakati wa likizo. Nimebaki na mawili: Volkswagen Golf TSI ya mwaka 2010 na Toyota Corolla Axio ya mwaka huohuo. Cha kushangaza, huko Japani Golf ni rahisi kuliko Axio. Shemeji yangu ni mpenzi mkubwa wa magari, anasema Golf hiyo ilikuwa Gari Bora la Dunia na injini yake ikawa Injini ya Mwaka mara mbili, wakati Axio haina kombe lolote. Fundi wa mtaani kwetu anasema nikileta Golf nitamsomeshea watoto. Nimsikilize nani? Na hizi tuzo na orodha za magari imara, zina maana yoyote kwetu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Chukua Axio. Naanza na jibu kwa sababu wakala akishakutumia ankara hakuachi upumue, na sitaki ulipe kabla hujafika mwisho wa maelezo yangu. Ila swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niandike kwa kirefu, maana shemeji yako hayuko peke yake. Kila kijiwe cha magari kina mtu anayezijua tuzo zote kwa kichwa.

Kwanza nimtetee. Hakukudanganya. Golf ya kizazi cha sita ndiyo iliyotajwa Gari Bora la Dunia mwaka 2009. Injini ya 1.4 TSI, ile yenye supachaja na turbo kwa pamoja (vifaa viwili vya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), ilichukua tuzo ya kimataifa ya Injini ya Mwaka 2009 ikarudia tena 2010. Injini ndogo ya cc 1390 kutoa nguvu farasi 160 lilikuwa jambo la kushangaza wakati ule. Supachaja inasukuma gari likianza kuondoka, turbo inapokea mwendo ukikolea, na mafuta yanayotumika ni kidogo. Waliopiga kura waliendesha, wakapenda, wakasema walichokiona.

Fundi wenu naye hakukudanganya. Tofauti yao ni umri wa gari wanalolizungumzia. Shemeji anazungumzia Golf iliyotoka kiwandani, fundi anazungumzia ileile ikishuka bandarini Dar es Salaam na miaka yake kumi na mitano. Tuzo ni sifa anazopewa bwana harusi ukumbini. Wewe unataka maneno ya mke aliyeishi naye miaka kumi na mitano.

Tazama tuzo zinavyotolewa. Ya Gari la Mwaka la Ulaya ni kongwe, ilianza 1964 na mshindi wa kwanza alikuwa Rover 2000. Waamuzi ni waandishi wa habari za magari kutoka nchi mbalimbali. Utaratibu wao uliozoeleka ni kila mwamuzi kupewa pointi 25 za kugawa kwa magari yaliyofika fainali, bila kuruhusiwa kuliweka gari moja zaidi ya pointi 10. Wanatazama muundo, starehe, usalama, matumizi ya mafuta, jinsi gari linavyoshika barabara, bei. Gari lenyewe lazima liwe jipya sokoni, hiyo ndiyo sharti la kuingia. Sasa nani kati yao anaweza kukuambia litakuwaje likifika kilomita laki mbili? Hakuna, wala hawadai kujua. Tunaowawekea maneno mdomoni ni sisi.

Kuna miaka miwili ya tuzo hiyo ambayo huwa nawatajia vijana wa gereji. Mwaka 1968 ilishinda NSU Ro 80 ya Ujerumani. Gari lilikuwa limetangulia wakati wake: umbo linalopasua upepo, breki za diski magurudumu yote manne, na injini ya rotari isiyo na pistoni, laini kama nini. Baada ya muda vizibo vya kwenye ncha za rota vikaanza kulika. Injini zikawa zinabadilishwa moja baada ya nyingine kwa gharama ya kampuni, na inasimuliwa kwamba wenye Ro 80 wakikutana njiani walisalimiana kwa kuinua vidole, kila mmoja akionyesha ameshawekewa injini ngapi. NSU ilikuwa kampuni ndogo, isingeweza kubeba mzigo huo. Mwaka 1969 ikaunganishwa na Auto Union chini ya Volkswagen, na gari hilo likawa la mwisho kuuzwa kwa jina lake.

Mwaka uliofuata, 1969, waamuzi walewale kwa vigezo vilevile walimpa tuzo Peugeot 504. Hiyo huhitaji kusimuliwa, waulize wazazi wako Iringa. Iliunganishwa Kenya na Nigeria kwa miaka mingi, ikabeba abiria kupita kiasi, ikapita barabara ambazo wahandisi wa Ufaransa hawakuziota. Kwenye Safari Rally ilishinda 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili. Injini yake haikuwa na maajabu, springi zake zilikuwa ndefu zenye uvumilivu, na fundi mwenye spana za kawaida aliweza kuifungua chini ya mwembe.

Tuzo ileile, miaka miwili mfululizo. Moja ilimponza aliyeitengeneza, nyingine ikageuka gari la bara zima, na ukitazama pointi za waamuzi huoni dalili ya lolote kati ya hayo mawili.

Upande wa injini mambo yanakuwa makali zaidi, kwa sababu tuzo ya Injini ya Mwaka inapenda ubunifu kuliko kitu kingine chochote. Nikupitishe baadhi ya washindi wake wakuu, uone. Mwaka 2003 ilishinda Mazda na rotari ya RX-8. Miaka michache baadaye Mazda yenyewe ililazimika kurefusha dhamana ya injini hiyo Marekani hadi miaka minane. Mwaka 2005 na 2006 ikashinda BMW ya silinda kumi iliyokuwa ndani ya M5, ambayo leo mwenye nayo akisikia mlio wowote anawaza bearingi za konrodi. Mwaka 2007 na 2008 BMW tena, ile ya lita tatu yenye turbo mbili. Mwaka 2010 BMW iliyaita magari hayo karakana nchini Marekani kwa ajili ya pampu ya mafuta ya presha kubwa. Halafu 2009 na 2010 ndiyo hiyo TSI ya shemeji. Mwaka 2012, 2013 na 2014 mfululizo ilishinda Ford ya lita moja silinda tatu, yenye mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Mkanda ukizeeka unamomonyoka, makombo yanaziba kichujio cha pampu ya oili, na injini inakosa oili huku dereva akiendelea kukanyaga mafuta.

Nimemruka mmoja makusudi. Mwaka 2004 ilishinda Toyota, injini ya 1.5 ya Prius, na hiyo imekuwa kipenzi cha madereva wa teksi sehemu nyingi duniani. Jina lake ni 1NZ-FXE. Sasa mwambie shemeji afungue boneti ya Axio ya 1.5 asome: 1NZ-FE. Ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, tofauti kubwa ni kwamba ya Prius imerekebishwa valvu zake ili isaidiane na mota ya umeme. Kwa hiyo kombe lipo kwenye ukoo, ila halitangazwi.

Sijasema waamuzi ni wajinga. Wanatafuta kitu kipya, na kitu kipya ndicho ambacho bado hakijaonyesha ubovu wake. Unapobana presha ya turbo na supachaja ndani ya silinda ndogo, chuma chembamba kati ya ringi na ringi kwenye pistoni kinapata kazi ambayo pistoni za zamani hazikuijua. Mafuta yakiwa hafifu au injini ikilazimishwa kupanda mlima kwa mzunguko mdogo, mlipuko unatokea kabla ya wakati wake na kile chuma kinapasuka. Ndivyo TSI hizo zinavyokufa: inaanza kumisi, inakula oili, ukipima kompresheni silinda moja imelala. Cheni ya taimingi nayo inarefuka, utaisikia asubuhi injini ikiwa baridi, inalia kama mnyororo wa baiskeli kwa sekunde chache kisha inanyamaza.

Tena kuna jambo ambalo nadhani shemeji hakulitazama. Golf za 2010 zilizouzwa Japani hazikuwa na injini moja. Yenye supachaja na turbo, ya farasi 160, ndiyo ilikuwa kwenye Highline. Comfortline ilikuja na 1.4 ya turbo peke yake, farasi 122. Iliyopewa tuzo ni ile ya kwanza. Huenda gari unaloonyeshwa kwenye picha halina injini yenye kombe kabisa. Si hasara, kwa sababu ile ya 122 haisumbui sana kwenye pistoni, ingawa cheni yake ina ugonjwa uleule.

Halafu kuna giaboksi. DSG ya gia saba inayokuwa kwenye Golf hizi ina klachi mbili kavu, yaani haziogi kwenye oili. Novemba 2013 Volkswagen ilitangaza kuyaita karakana magari takriban milioni 1.6 duniani kote yabadilishwe oili ya giaboksi hiyo, kwa kuwa oili ya awali ilikuwa inaweza kusababisha hitilafu ya umeme ndani yake. Hilo lilikuwa la oili. Klachi kavu zenyewe hazipendi kutambaa. Zinataka ama gari liende ama lisimame. Wewe unakwenda Iringa, maana yake unapanda Kitonga, na unajua Kitonga palivyo: lori la mbele limejaa, linakwenda mwendo wa mtu anayetembea, nyuma yako kuna basi, na hakuna pa kupita. Dakika zote hizo klachi inashika nusu inaachia nusu. Ikiungua Ruaha Mbuyuni au Ilula, nani atakuwekea kompyuta aifundishe upya klachi mpya mahali pa kushikia?

Ndiyo sababu pia Golf ni rahisi Japani. Gari la kule linakaguliwa na serikali likiwa na miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi huo pamoja na kodi zake si bei ndogo. Gari la kigeni lililozeeka likifika zamu ya ukaguzi, mwenyewe anapiga hesabu ya matengenezo anaona heri alipeleke mnadani. Wajapani wenyewe wanaliogopa. Unapoona bei nzuri, unaona hofu yao imegeuzwa kuwa punguzo lako.

Tuje kwenye orodha za uimara, ambazo ni kitu tofauti na tuzo za waandishi, ingawa watu wanazichanganya. Hapa angalau wanaulizwa wenye magari. Hata hivyo kila orodha ina maswali matatu ya kuiuliza: wameulizwa akina nani, magari yao yana umri gani, na kitu gani kimehesabiwa kuwa tatizo.

J.D. Power ya Marekani ndiyo inayonukuliwa zaidi kwenye matangazo. Mwanzilishi wake, James David Power wa Tatu, aliianza 1968, na jina lake lilivuma alipowahoji wenye Mazda za rotari mwanzoni mwa miaka ya 1970 akagundua mpira mmoja wa kuzibia ulikuwa unaharibika na kuziua injini. Kazi nzuri. Leo kampuni hiyo ina utafiti unaouliza wenye magari siku 90 tu baada ya kununua, na mwingine unaouliza magari yakiwa na miaka mitatu. Hesabu yao ni matatizo kwa kila magari 100. Sasa tatizo kwao ni pamoja na simu kukataa kuungana na redio. Kwenye utafiti wa mwaka 2024 wa magari ya miaka mitatu, wastani ulikuwa matatizo 190 kwa magari 100, na kundi lililoongoza kwa malalamiko lilikuwa la skrini na redio. Kwa hiyo gari linaweza kushuka kwenye orodha kwa sababu ya ramani inayochelewa kufunguka, wakati injini yake haina neno. Na kiwanda kinachotaka kuonyesha kombe hilo kwenye tangazo kinalilipia leseni. Matokeo hayanunuliwi kwa namna hiyo, ila unaelewa kwa nini unayasikia zaidi makombe ya huyu kuliko ya mwingine.

Mwaka 2019 mwanzoni Chevrolet ilirusha tangazo Marekani likidai magari yake ni imara kuliko ya Toyota, Honda na Ford, likitegemea utafiti mwingine, wa magari ya mwaka 2015. Kampuni hizo tatu zikapinga, tangazo likaondolewa.

Mimi namwamini zaidi Consumer Reports. Ni shirika la wateja la hukohuko Marekani, lilianza 1936, halipokei matangazo, magari ya kujaribu linanunua lenyewe dukani kama wewe, na linawahoji wanachama wake kuhusu magari mapya hadi yaliyozeeka. Kisa chao kimoja kitamfaa shemeji. Agosti 2015 walijaribu Tesla Model S P85D ikawapagawisha kiasi kwamba ilipata alama 103 kati ya 100, ikabidi kipimo chenyewe kirekebishwe. Oktoba mwaka huohuo majibu ya wenye Model S yakaingia: injini za umeme, vitasa vya milango, skrini, milio ya hapa na pale. Consumer Reports wakaondoa pendekezo lao la kununua gari hilo. Shirika moja, gari moja, miezi miwili. Waliolijaribu walisema ukweli na waliokaa nalo walisema ukweli.

Bora kuliko maoni yote ni rekodi ya kitu kilichotokea. Wajerumani wana mbili. TÜV inakagua magari kisheria, la kwanza likiwa na miaka mitatu kisha kila baada ya miwili, na kila mwaka inatoa orodha ya aina gani inaangukia wapi: breki, taa, bushi, oili kuvuja. Hakuna anayeulizwa anajisikiaje. Nyingine ni ya ADAC, chama chao cha wenye magari, kinachohesabu ni gari gani limekwama barabarani likaitiwa fundi wake wa gari la njano.

ADAC hiyohiyo ndiyo iliyotoa fundisho kubwa kuhusu tuzo. Ilikuwa na tuzo iitwayo Malaika wa Manjano, na mwaka 2014 ikatangaza kwamba gari linalopendwa zaidi na Wajerumani ni Volkswagen Golf, kura 34,299. Gazeti la Süddeutsche Zeitung likachimba. Kura halisi zilikuwa 3,409. Mkuu wa mawasiliano wa chama, Michael Ramstetter, akakiri akajiuzulu, rais wake Peter Meyer akaondoka Februari, na viwanda vikubwa vikarudisha vikombe. Chama kilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 18, waliojisumbua kupiga kura walikuwa elfu chache, na aibu ya idadi hiyo ndogo ndiyo iliyozaa uongo. Takwimu za magari yaliyokwama zilibaki zinaheshimika, maana zinatokana na simu zilizopigwa kweli.

Tatizo letu ni kwamba wote hao wanapima magari yanayoishi kwao. TÜV haikuambii gari linavyokuwa baada ya kupita Japani, likaja kuishi kwenye vumbi, joto na matuta, likihudumiwa kwa oili ya ndoo. Consumer Reports hawajui Probox ni nini. Probox haijawahi kuwa Gari la Mwaka Japani wala Ulaya, ila nenda stendi yoyote ya mkoani kabla jua halijachomoza uone nani anapakia.

Sasa nimgeukie fundi wenu kidogo, asije akavimba kichwa. Kosa la wapenzi wa tuzo lina ndugu yake, nalo ni imani kwamba Toyota ni Toyota. Jina la kampuni ni wastani, na wewe hununui wastani, unanunua injini moja yenye namba. Toyota ya 2.4 iitwayo 2AZ-FE, iliyo kwenye Alphard, Estima na Harrier za miaka ya 2000, inajulikana kwa kula oili. Marekani Toyota ilifikia kubadilisha pistoni na ringi kwa baadhi ya wateja. Ile ya D4, 1AZ-FSE, imewaliza watu wengi wa Premio na RAV4 pale nyuzi za boliti za silinda hedi zinapong'oka, gari linachemsha na mtu anabadilisha gasketi mara tatu bila kupona. Nissan wana injini nzuri tu, lakini CVT (giaboksi za otomatiki zisizo na gia za ngazi) za Murano za miaka ya 2000 ziliwafanya warefushe dhamana Marekani hadi miaka kumi. Mazda Demio ilikuwa Gari la Mwaka Japani msimu wa 2014 na 2015, na ya petroli naiunga mkono, ila ukiletewa ya dizeli fikiri mara mbili. Masizi yanajaa ndani, na mwaka 2018 Mazda iliyaita karakana magari ya dizeli kama 640,000 duniani kwa tatizo la springi za valvu linaloendana na masizi hayo.

Wapenzi wa magari wana faida yao, usimdharau shemeji. Mtu anayependa gari anasikia mlio wiki tatu kabla yako, anajua oili gani inaingia, anasoma. Golf hiyohiyo kwake inaweza kwenda miaka mingi. Tatizo lake ni kukushauri wewe kana kwamba utaishi nayo kama yeye. Wewe utawasha saa kumi na mbili uende shule.

Kwa Axio, fanya haya. Mwambie wakala akuletee karatasi ya mnada yenyewe, isiwe maelezo aliyoyaandika yeye. Daraja la 4 linatosha, 3.5 si mbaya kama mikwaruzo imechorwa. Ukiona R au RA ujue limegongwa likatengenezwa, achana nalo hata bei ikichekesha. Linganisha kilomita za karatasi na zilizo kwenye dashibodi likifika, kwa sababu kilomita zinarudishwa nyuma hata baada ya mnada.

Axio nyingi zina CVT. Oili yake ni ya CVT, ya Toyota, na si ATF, ile oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki. Hapa ndipo zinapouawa, na zinauawa na mafundi, tena wazuri, kwa mazoea. Nunua mwenyewe, simama pale inapomiminwa. Ukibahatika kupata ya gia za mkono, zilikuwepo kwenye 1.5, usiulize mara mbili, hiyo ndiyo ya Kitonga. Injini yake ina cheni, haidai mkanda, inadai oili safi kila kilomita 5,000 na kulanti halisi kwenye rejeta badala ya maji ya bomba.

Jambo moja la usalama ambalo orodha za uimara hazikuambii. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata iliingia kwenye Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na wengine, hasa magari ya miaka ya 2000 hadi mwanzoni mwa 2010. Kemikali ya kuijaza ikikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu inaharibika, na ajali ikitokea kopo lake linaweza kulipuka vipande vya chuma kumwelekea dereva. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Pwani yetu. Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya Toyota ya Japani sehemu ya magari yaliyoitwa karakana, au mwambie wakala afanye hivyo na akutumie picha ya jibu. Kama mfuko haujabadilishwa, ubadilishwe hukohuko kabla gari halijapanda meli. Kwao ni bure.

Spea usiulize mtandaoni, uliza kaunta. Piga simu maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, uliza bei ya klachi ya DSG kavu ya Golf 2010, mpya na iliyotumika, kisha uliza ya kitu chochote cha Axio. Halafu uliza hivyohivyo Morogoro mjini. Majibu ya Morogoro ndiyo yanayohesabika, kwa sababu ndiko gari litakakolala.

Shemeji akishikilia kwamba lazima Golf, mwambie ajinunulie ya kizazi cha saba. Hiyo ilikuwa Gari la Mwaka Ulaya 2013 na Gari la Mwaka Japani msimu wa 2013 na 2014, gari la kwanza la kigeni kuchukua kombe hilo la Wajapani. Injini zake ndogo za TSI ni za ukoo mpya, zinatumia mkanda badala ya ile cheni, na pistoni hazina sifa mbaya ya zile za zamani. Giaboksi kwenye nyingi ya hizo ni ileile ya klachi kavu, kwa hiyo aijaribu kwa kupanda mlima polepole kwenye foleni kabla ya kulipa, na atenge pesa ya klachi pembeni.